Perege wa Ndiva ya Myamba

Mama yangu, Justa, alifariki siku aliyonizaa, hapahapa Myamba, wakati baba yuko tambarare akikata mkonge. Habari siku zile ilisafiri kwa miguu ya mtu. Mjumbe alipomfikia, mama alikuwa ameshazikwa. Baba, Anaeli Mbwambo, akapanda mlima peke yake. Alisimama kaburini, kofia mkononi, mpaka jua likapinda. Bibi Eliwaza, mama yake mzazi, alitokeza mlangoni akamwita aingie amwone mtoto. Baba akajibu, "Naja." Kisha akashika njia ya kushuka, na hakuipanda tena mpaka nilipokuwa msichana wa shule.

Ninayoyaeleza hapa sikuyaona yote. Mengine nilisimuliwa na baba mdogo Hezroni, mengine na baba mwenyewe, neno moja leo, jingine baada ya masika.

Kwenye mkonge alikaa miaka mingi. Wenzake walikuwa na ngoma zao Jumamosi, na wengi walipata wanawake kambini wakaanza maisha upya. Yeye alikuwa akichemsha makande chungu kizima Jumapili, akayala mpaka yachache, akachemsha mengine. Alipochoka kukata, akahamia Same, akapanga chumba karibu na stesheni ya reli, mahali ambapo upepo unavuma mchana kutwa na vumbi linaingia hadi kwenye uji. Kila Krismasi alinitumia kitambaa cha gauni kwa mikono ya wachuuzi. Bibi alikuwa akinikabidhi na kusema, "Hiki ni cha Baba." Kwa muda mrefu nilidhani Baba ni jina la duka.

Mwaka wa hamsini na nane akaja Same mwanamke wa Kiingereza, mrefu, mkavu, asiye na mume wala mtoto. Jina lake lilikuwa Thorley, lakini halikutumika. Watu walimwita Bibi Samaki. Nyuma ya nyumba aliyopanga alichimbisha mabwawa matatu, akayasakafia kwa saruji, akatia perege waliovuliwa Mto Ruvu. Wakubwa wa serikali walimruhusu kwa sababu walitaka kujua kama perege wanaweza kufugwa milimani, watoto wa huko wapate kitoweo. Yeye mwenyewe hakushughulika sana na kitoweo. Alikuwa akitafuta jambo la mafuta.

Alihitaji mlinzi wa mabwawa, maana ndege wanaokula samaki walikuwa wamekwisha kuyajua. Baba akaomba kazi akapata. Alilisha samaki asubuhi na jioni, pumba iliyochanganywa na mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa, na alipima joto la maji kwa kipimo cha kioo kilichofungwa uzi. Aliniambia baadaye kwamba kazi ile ilimfaa. Samaki hawaulizi mtu ametoka wapi wala ana watoto wangapi.

Asubuhi moja Bibi Samaki alimwita mezani kwake. Alikuwa ameweka mabakuli mawili, moja la mafuta ya ng'ombe, jingine la mafuta ya ufuta. La ng'ombe lilikuwa limeganda jeupe.

"Yote haya ni mafuta," alisema. Kiswahili chake alikisoma vitabuni, kila neno alilitamka zima. "Kwa nini hili linaganda na hili linatiririka?"

Baba akajibu kwamba moja ni la mnyama, jingine la mmea. Bibi Samaki hakucheka. Akamwaga njiti za kiberiti mezani, akazipanga zikalala sambamba, zimebanana. Kisha akachukua nyingine akazivunja katikati bila kuzikata, zikawa na kigoti, akajaribu kuzipanga vilevile. Hazikukubali kubanana, kila moja ilisukuma mwenzake.

"Mafuta ya ng'ombe yamenyooka," alisema. "Yanashikana, yanakuwa magumu. Ya ufuta yamepinda. Sasa, Anaeli, mwili wa samaki umejengwa kwa vyumba vidogo mno, jicho halivioni. Ukuta wa kila chumba ni utando wa mafuta. Nikimlisha samaki mafuta yaliyonyooka tu, utando wake utakuwaje? Na nikimtia kwenye maji baridi?"

Baba akamwambia utaganda, kama bakuli lile.

"Unapaswa kuganda," alijibu. "Lakini nafikiri samaki ana njia."

Mimi nilikuja kusoma uuguzi, na huko ndiko nilikoelewa alichokuwa akikitafuta. Chakula chenye mafuta kikishasagwa tumboni, seli, vile vyumba vidogo, huzipokea zile asidi za mafuta zilizonyooka na kuzitia alama, kama mzigo unaobandikwa kibandiko kabla ya safari. Baadhi huchomwa ziwe nguvu. Nyingine hupelekwa kwenye karakana iliyo ndani ya seli, na huko kipo kimeng'enya kinachong'oa chembe mbili za haidrojeni katikati ya ule mnyororo ulionyooka, nao unapinda papo hapo. Kisha seli hupanga mikia miwili juu ya kichwa kimoja kinachopenda maji, mara nyingi mmoja ulionyooka na mmoja uliopinda, na kuusukuma mkusanyiko huo kwenye utando. Iliyonyooka ikizidi, utando unakakamaa, na vitu vilivyopaswa kupita vinakwama. Iliyopinda ikizidi, unalegea. Kwa hiyo seli haipumziki, inapima na kurekebisha. Enzi za Bibi Samaki mengi ya haya yalikuwa bado ni kukisia. Alimwambia baba waziwazi kwamba hajui seli inapindaje. Alitaka kwanza kuwa na hakika kwamba inapinda.

Mahali pa baridi alipopachagua pakawa Myamba. Wazee wetu walikuwa na ndiva ndogo juu ya kijiji, lile bwawa la kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba, ambayo haikutumika sana tangu ichimbwe nyingine kubwa. Walinyweshwa dengelua, pombe yetu ya miwa, wakakubali. Bibi Samaki alipomwambia baba jina la kijiji, baba alisema mguu unamuuma.

Safari ya kwanza ikaenda bila yeye. Lori la Yahaya, mfanyabiashara wa Same, liliwashusha Gonja chini ya mlima, wapagazi wakapanda na madebe siku hiyohiyo, na kabla ya jua kutua perege walikuwa ndani ya ndiva. Ilikuwa wakati wa ukungu. Asubuhi nilikwenda na watoto wenzangu tukawakuta wanaelea ubavu, wachache wakitikisa mkia polepole kama wanaoota. Mzungu yule alikuwa amechuchumaa ukingoni, sketi yake inagusa tope. Aliwaokota mmoja mmoja. Bibi yangu alisema samaki si wa mlimani, kila kitu kina kwao.

Aliporudi Same, Bibi Samaki alimweleza baba kilichotokea. Samaki hawakupewa nafasi, alisema. Wametolewa kwenye joto wakatupwa kwenye baridi, na kazi ya kubadili utando haifanyiki kwa siku moja. Safari ya pili wangepumzishwa katikati ya mlima, kwenye kijito, mpaka miili yao ijirekebishe. Angehitajika mtu wa kukaa nao huko, wiki kwa wiki, awalishe chakula kilekile cha mafuta ya ng'ombe. Wapagazi wote walikataa. Mtu gani mwenye mji wake akae porini na samaki?

"Wewe huna mji, Anaeli," Bibi Samaki alimwambia. Hakukusudia kumchoma. Kwake lilikuwa ni neno la kweli tu, na yeye mwenyewe hakuwa nao.

Baba akakubali kufika katikati, asipite hapo.

Palikuwa na kibanda kilichoachwa, cha kulindia mahindi dhidi ya nyani, na kijito kilichozibwa kwa mawe kikafanya kidimbwi. Huko baba aliishi majira yote ya mwanzo wa baridi. Mchana aliwalisha samaki, akapima joto la maji, akaokota kuni. Nyani walipokuwa hawapigi kelele, hakikusikika kitu ila maji. Alinieleza kwamba ilifika siku akajaribu kusema neno kwa sauti, sauti ikatoka imekwaruza, ikamtisha, akanyamaza. Akitazama juu aliuona moshi wa Myamba ukipenya migombani. Aliweza kuonyesha ni moshi wa jiko la nani. Jumapili kengele ya kanisa ilimfikia, na alivua kofia, lakini hakuimba.

Bibi Samaki alipanda kwa miguu kila baada ya majuma kadhaa. Alichukua samaki wachache, akatoa ini na matamvua, akavitia kwenye chupa zenye dawa ya kuyeyusha mafuta, akashuka. Chupa zile zilikwenda kwa treni mpaka Tanga na kisha ng'ambo, kwenye mashine ya kutenganisha mafuta yaliyonyooka na yaliyopinda. Siku hizo alizokuja walikula pamoja, yeye na baba, bila maneno mengi. Baba alisema ndiye mtu pekee aliyejua kukaa kimya bila kumwonea mtu.

Habari haikosi njia. Jumapili moja baada ya ibada, baba mdogo Hezroni alishuka akiwa bado na koti lake la kanisani. Akasimama ng'ambo ya kidimbwi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Walizungumza juu ya mvua. Walizungumza juu ya samaki, Hezroni akauliza kama wanang'ata. Kisha akasema mama haoni vizuri siku hizi, watu anawatambua kwa nyayo.

Baba akakoroga pumba. Baadaye kidogo akauliza, "Na mtoto?"

"Dorkasi? Anasoma. Ana akili. Sura ni ya mama yake—"

Baba akainua mkono, na Hezroni akakomea hapo. Maji yalipita kati yao. Mwishowe Hezroni akauliza, "Kengele unaisikia huku?"

"Naisikia."

"Basi si mbali," Hezroni alisema, akapanda kurudi.

Siku ilipowadia ya kuwahamisha samaki, Bibi Samaki alileta wapagazi kutoka Gonja. Mmoja wao aliteguka kifundo pale pale kidimbwini, na debe lake likabaki bila mbebaji. Baba alilitazama muda. Kisha akaliinua begani. Akawafuata wapagazi kupanda.

Walimu walituruhusu kutoka darasani kwenda kutazama. Nilikuwa nimesimama karibu na mfereji wa kutolea maji, akaja mtu mwembamba mwenye mvi pembeni mwa kichwa, shati limelowa bega moja. Nikamwamkia kama tulivyofundishwa kumwamkia kila mtu mzima.

"Shikamoo."

"Marahaba. U mtoto wa nani?"

"Wa Bibi Eliwaza."

Akalishusha debe chini, polepole sana, kwa mikono miwili.

"Waitwa nani?"

"Dorkasi."

Nilingoja aseme kitu, maana alinitazama kama mwalimu aliyesahau swali. Akageukia debe. "Sogea kidogo," alisema. "Watakurushia maji."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyopewa na baba yangu. Sikujua kwamba ni yeye. Nilijua jioni, tulipokuwa tumekaa jikoni na bibi, nyayo zikasikika uani, na bibi akaacha kumenya ndizi akainua uso wake usioona.

"Umekawia," alisema.

Baba akaingia. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akapewa chakula, akala, akashukuru. Bibi akaniambia, "Mwamkie baba yako." Nikamwambia nimeshamwamkia. Hakuna aliyecheka. Alipomaliza kula akasema samaki hawajazoea, lazima awe karibu nao, akaondoka.

Alijenga kibanda kando ya ndiva. Bibi aliendelea kumtandikia kitanda nyumbani, na kitanda kiliendelea kukaa hivyohivyo. Mimi ndiye niliyempelekea chakula nikitoka shule. Mwanzoni niliweka sahani juu ya jiwe na kukimbia. Baadaye nikaanza kusubiri sahani, na katika kusubiri tukazungumza habari za samaki, maana habari nyingine tulizikwepa sote wawili. Alinionyesha njiti za kiberiti, zilizonyooka na zenye kigoti. Alinifundisha kusoma kipimo cha joto. Vitu vya seli na utando alivieleza kwa staha, kama mtu anayesimulia habari za nchi aliyoambiwa tu hakufika. Nilipomuuliza kwa nini hakuja zamani, alisema maji ya leo yamepoa kuliko ya jana, akainama kukitazama kipimo.

Julai ukungu ulishuka mpaka miti ya ng'ambo ikapotea. Maji yakawa baridi ya kuuma vidole. Kila asubuhi nilipita ndiva kabla ya shule, nikamkuta baba ameshasimama ukingoni, blanketi mabegani, akihesabu migongo. Perege walikuwa wazito, hawakula sana, lakini walikuwa wima. Ukungu ulipoinuka walikuwa hai, isipokuwa wachache waliochukuliwa na ndege korongo.

Bibi Samaki alikuja mara ya mwisho mwaka uliofuata, mvua zilipokwisha. Nilikuwepo. Alikaa chini kwenye majani, akavua viatu, akazungumza na baba kama watu wa kazi moja.

"Walikula kilekile, Anaeli. Mafuta yaleyale ya ng'ombe, Same na huku. Lakini matamvua ya hawa wa juu yana mafuta mengi zaidi yaliyopinda. Wale wa katikati ya mlima wako kati. Hayakutoka kwenye chakula, sidhani. Wameyapinda wenyewe, humohumo ndani ya seli."

Baba aliwaza. "Na wale wa kwanza waliokufa, wangeweza?"

"Wangeweza. Hatukuwapa muda."

"Wakirudishwa Same?"

"Wataacha kupinda, na utando utabadilishwa tena, kidogo kidogo. Seli haikai na utando mmoja maisha yote."

Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akamuuliza yeye mwenyewe anakwenda wapi, kwa kuwa tulikuwa tumesikia kwamba nyumba ya Same imeshafungwa na mabwawa yamekaushwa. Alijibu kwamba anarudi kwao. Mama yake alikuwa amefariki wakati yeye yuko huku, na nyumba ilikuwa imekaa bila mtu. Alisema hivyo akiangalia maji.

"Pole," baba alimwambia.

"Asante."

Walikaa pale mpaka chai niliyowaletea ilipopoa. Alipoondoka, alimwachia baba kile kipimo. Baba alimsindikiza hadi penye kona ya kwanza, akarudi, akakitumbukiza kipimo majini kama ilivyokuwa kawaida, ingawa sasa hapakuwa na wa kumpelekea habari za joto. Hatukupata kusikia tena habari zake.

Baadhi ya watu wa Myamba walianza kula wale perege. Bibi Eliwaza alikufa bila kuonja hata mmoja. Baridi haikuwaua ila iliwadumaza, wakawa wadogo kama kiganja cha mtoto. Wakubwa wa serikali waliotaka kitoweo walikuja mara moja, wakawatazama, wakashuka. Ilikuwa karibu na uhuru, kila mtu ana mambo mengine ya kufikiria. Bibi alipofariki, baba mdogo Hezroni alimwambia baba ahamie nyumba ya mama yao, naye akasema atahamia. Nikaishi humo mimi na shangazi aliyekuja kunitunza, na yeye akabaki kando ya maji.

Ndiva hujaa tope, na kila kiangazi lazima ifunguliwe maji, izolewe. Kiangazi cha mwaka ule wa uhuru tulizoa wawili tu, baba na mimi, maana watu walikuwa kwenye mikutano. Samaki tuliwaweka kwenye mapipa. Tulikuwa tumezama tope mpaka magotini, yeye anachota kwa jembe, mimi napokea kwa karai. Sijui kilichonipa ujasiri. Labda ni kwa sababu hatukuwa tukitazamana.

"Mama alikuwaje?" niliuliza.

Jembe likasimama. Nilidhani ataniambia habari za maji.

"Alikuwa na sauti nzito," alisema. "Akiita kutoka shambani, wageni walidhani ni mwanamume. Yeye mwenyewe aliona haya, kanisani aliimba chinichini." Akachota tope, kisha akaongeza, "Sura imenitoka. Sauti ndiyo niliyobaki nayo."

Sauti yangu mimi ni nyembamba. Nilitamani wakati ule ingekuwa nzito, nimwite kutoka ng'ambo ya ndiva angalau mara moja. Nikapokea karai lililofuata, na lililofuata. Jua lilipopinda tulifungulia mfereji, tukanawa miguu, kila mmoja akaenda kwake.